Mashua Iliyoezekwa Bati

Siku ile ya kuniaga mliniambia sasa nipumzike. Nimejaribu. Asubuhi naweka kiti barazani hapa Tunduma, nakaa, nasikia malori yakinguruma kwenye foleni ya mpaka, na kabla chai haijapoa nimeshasimama. Nazunguka nyumba. Nakagua kamba ya kuanikia nguo, naikaza, nailegeza, naikaza tena. Mume wangu Ezekia anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi nimeona heri niandike, maana kijana aliyeshika stoo baada yangu ameniuliza swali ambalo kwa simu halijibiki: mashua kuukuu, fungu dogo, anunue nini kwanza?

Vyeo na mishahara siandiki, hayo yako kwenye majalada na mengine hayakuwapo kabisa. Nitaanza na siku ya kwanza. Nilikuwa nimetoka kuuza vipuri vya malori hapa hapa Tunduma, breki nazijua, tairi nazijua, turubai nazijua kwa kuzishika tu. Huduma ya afya ya kanisa ikaniajiri nikae stoo yao ya Chitete na niwe mnunuzi wao. Mkubwa wangu akaniambia vyombo ni viwili, gari moja na mashua moja. Nikadhani mashua ni utani wa kumkaribisha mgeni. Chitete na mashua wapi na wapi?

Tukapanda gari. Tukapita Msangano, tukashuka bondeni, tukakwama kwenye tope, tukasukuma, tukakwama tena, mpaka ziwa Rukwa likatokea mbele yetu, maji ya rangi ya chai ya maziwa na ng'ambo haionekani. Mimi ni mtoto wa milima ya Ileje. Maji makubwa niliyoyajua ni ya mto mnaouvuka mmeshikana mikono. Pale kwenye matope ililala mashua ya mbao, mlingoti mmoja, ubavuni imeandikwa Usichoke, na ilionyesha wazi kwamba imechoka. Kazi yake ilikuwa kupeleka wauguzi vijiji vya kandokando ya ziwa wakati mto Momba umefurika na barabara imekatika. Nahodha wake, Mzee Simbeye, Mnamwanga mwembamba asiyependa maneno, akanisalimia. Nikamuuliza breki ziko wapi.

Hakucheka. Alisema breki ya chombo cha tanga ni kulishusha tanga, na kwamba nikikumbuka hilo moja tu nitakuwa nimejua zaidi ya wakubwa wangu wote. Tangu hapo akaniita Mama Stoo, nami nikawa mwanafunzi wake.

Alinifundisha kwa mikono. Kamba usiitazame kwa nje, aliniambia, ifumue kidogo uchungulie moyo wake, maana kamba huoza kwa ndani huku nje inang'aa. Mbao zigonge kwa kifundo cha kidole usikilize, iliyo nzima inalia na iliyooza inanyamaza. Usukani utikise kwa mikono miwili. Ukicheza, usilale kabla hujabadili pini zake. Alikuwa na mpangilio wake wa kununua na hakuubadilisha hata siku moja. Kwanza kinachozuia maji yasiingie, pili kinachoshika usukani, tatu kinachopandisha na kushusha tanga, halafu maboya ya kumwokoa mtu hayo matatu yakishindwa. Vingine vyote aliviita mapambo ya harusi.

Mtaniuliza injini. Tulikuwa nayo, ndogo, ya siku ambazo upepo umelala. Lakini Rukwa ni ziwa la kina kifupi, panga la injini likichovya linachota tope, lisipochota tope linasokota nyavu za watu, na petroli yenyewe ilitoka huku juu kwa madumu. Upepo ulikuwa bure na uko pale pale. Kila mkubwa mpya aliyeletwa alianza kwa kusema tununue injini kubwa, na kila mmoja nilimpeleka ziwani akae nusu siku kwenye tope. Wote walirudi wakiwa na mawazo tofauti na viatu vya kutupa.

Kwa hiyo nilikuwa nahangaika Tunduma. Nilizunguka maduka yale ya kona za mpaka mpaka soli zikaisha. Mafundi wanaoshona maturubai ya malori ndio walionishonea tanga, na kila mara nililazimika kuwakatalia turubai zito, maana kwao kitu kizuri ni kile kisichoingia mvua. Tanga zito ni mzigo. Nilitaka kitambaa chepesi cha pamba kilichofumwa vizuri, chenye mshono mara mbili. Kamba nilinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa akivuka kutoka Nakonde, ananiita "Bamayo", yaani mama, kwa unyenyekevu wote huku ananipandishia bei. Nilikuwa nafumua kamba yake mbele ya wateja wengine nikichungulia ndani, anaumia kama namkagua meno. Rahisi ni ghali, nilimwambia, nami sina pa kuikimbilia kamba ikikatika katikati ya maji.

Sasa nifike kwenye fungu lenyewe, maana hapo ndipo mtakapoumwa kichwa kama mimi.

Fungu letu lilitoka makanisani, huko juu Mbozi na Ileje. Baada ya mavuno watu huleta kanisani walichovuna: kahawa, mahindi, maharage, jogoo kafungwa miguu. Ibada ikiisha vinapigwa mnada hapo hapo nje, na kinachopatikana kinapelekwa kwenye kazi waliyoichagua. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Shida ni moja. Mtu aliyetoa jogoo wake anataka kuona jogoo wake amegeuka kuwa nini. Wanataka kitu chenye umbo, kipakwe rangi, kiandikwe jina la kanisa, kipigwe picha. Ndiyo maana Usichoke ilikuwa na kengele yenye jina, sanduku la dawa lenye jina, mabenchi yenye majina, na hata ndoo ya kutolea maji ilikuwa na jina la kwaya ya akina mama. Kamba haina pa kuandika jina. Pamba ya kuzibia nyufa ikishaingia kati ya mbao haionekani tena. Pini za usukani ziko chini ya maji, nani atazipiga picha? Miaka nenda rudi niliomba kamba nikaletewa kengele.

Na mnadishaji mkuu kuliko wote, kule Ihanda, Mbozi, alikuwa baba mkwe wangu, Mzee Mwashiuya. Nisikilizeni vizuri, huyu mzee alikuwa na kipaji. Aliweza kumuuza jogoo mmoja mara tatu kwa ibada moja: anayenunua anaona haya kuondoka naye, anamrudisha mnadani, mzee anaanza upya, "Jogoo huyu ameokoka, anataka kuhubiri tena!" Watu wanacheka huku mikono iko mifukoni wanatoa. Sauti yake ilifika barabarani.

Lakini sauti hiyo haikuwahi kuelekezwa kwangu. Kwetu Undali, huko Ileje, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani unachepuka, unageuka, unajifunika. Hamli sahani moja, hamkai benchi moja, hamsemezani. Wanyiha, watu wa mume wangu, nao wanayo heshima hiyo, ila sisi tumezidi. Nikiwa na neno naye nilimwambia Ezekia, "Mwambie baba kwamba," na baba yuko nyuma ya ukuta anasikia kila kitu. Naye anajibu, "Mwambie mkeo." Tuliishi hivyo tangu niolewe, kwa amani kabisa, na sikuona upungufu wowote.

Mwaka mmoja muuguzi wetu, Sista Tumaini, alikwenda Ihanda kushukuru wachangiaji. Akasimulia jinsi jua la ziwani linavyowachoma wajawazito ndani ya mashua, na mvua inavyowanyeshea. Akina mama wakatokwa na machozi. Mzee Mwashiuya akasimama akasema haiwezekani mama mjamzito anyeshewe na sisi Ihanda tuna bati. Kahawa ilikuwa imekubali msimu ule, na mnada uliofanyika watu wanausimulia mpaka leo. Nami wakati huo huo nilikuwa nimeomba, kwa mara nyingine, kamba mpya na tanga.

Wakaleta paa. Siwatanii. Mabomba ya chuma ya nguzo, na bati za msauzi, bluu, nzima nzima, jina la kanisa limeandikwa juu yake kwa herufi nyeupe kana kwamba litasomwa na ndege. Walikuja na fundi wao, akatoboa kingo za Usichoke, akafunga nguzo kwa bolti na nati, akaezeka. Kwa mtu wa Mbozi ukishamwezekea mwenzako bati umemsaidia mpaka mwisho, hakuna msaada juu ya huo, na walitoa kwa moyo safi. Nilipanda ofisini nikasema lile si jambo la kuwekwa juu ya chombo cha tanga. Nikajibiwa kwamba zawadi haichaguliwi, na kwamba wachangiaji wanakuja kuizindua, tusiwaaibishe, na je, yule mnadishaji si mkwe wako?

Mzee Simbeye aliizunguka mashua. Akasukuma nguzo moja kwa kiganja, mashua nzima ikaitika. Akaniambia taratibu, "Mama Stoo, hili ni tanga lisiloshuka."

Usingizi ukaniruka tangu siku hiyo. Sikuweza kukaa Chitete. Nilipanda kila gari lililoelekea ziwani, nikifika sina la kufanya, nazunguka mashua, natikisa nguzo, narudi.

Siku ya uzinduzi niliingia mashuani mapema kuangalia kama maji yanavuja chini. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na usukani, nimeinama. Mpango ulikuwa wageni wasali ufukweni, waondoke. Lakini Mzee Mwashiuya alisema hawezi kunadi paa asikae chini yake. Akapanda kwa mbele pamoja na wazee wawili wa kanisa na Sista Tumaini, watu wakaisukuma mashua kwa nyimbo, na tulipokuwa tumeshaelea ndipo akaniona. Nami nikamwona. Nikavuta kitenge kichwani nikageukia maji. Yeye akageukia upande wake. Chombo chenyewe unakivuka kwa hatua chache, lakini tulijitahidi.

Upepo wa Rukwa haubishi hodi. Wingu lilikuwa mbali, jeusi, tukasema linapita. Halafu maji yakabadilika, mawimbi yakawa mafupi na wima, na upepo ukatupiga ubavuni. Mzee Simbeye alilishusha tanga papo hapo, kama alivyofanya mara zote. Siku nyingine zote mashua ingesimama wima na kutulia. Safari hii haikusimama. Paa lilikuwa limeushika upepo na halikuwa na kamba ya kulishushia. Usichoke ikalala upande mmoja na maji yakaanza kuingia juu ya ukingo, mengi, si ya kutolewa kwa ndoo.

Nahodha akapiga kelele wote tuhamie upande wa juu, tukae pamoja tuilalie mashua kwa uzito wetu. Sista akaruka, wazee wawili wakaruka. Tukabaki wawili. Mimi nyuma, yeye mbele, kila mmoja anatafuta pa kukaa pasipo karibu na mwenzake, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, tena finyu. Nawaambia ukweli, katika dakika ile sikuwa nayaogopa maji. Nilikuwa naogopa kukaa karibu na mkwe wangu. Nilimwona naye ananyanyua mguu, anaurudisha. Mashua ikalala zaidi.

"Mama Stoo! Mzee!" Simbeye alitufokea. "Mnataka tufe kwa heshima?"

Nikajirusha. Naye akajirusha. Tukagongana bega kwa bega, tukashikilia ukingo ule ule.  Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mashua ikainuka kidogo, ikatosha, upepo ukatusukuma ubavu ubavu kama takataka mpaka tukaingia kwenye matete na kukwama kwenye tope. Lile tope nililolilaani siku zote, siku hiyo nililishukuru.

Tuliporudi ufukweni kwa miguu, tumelowa, maneno yakaanza. Mzee Simbeye alisema yeye na bati lile basi. Kama linabaki, watafute nahodha mwingine. Wazee wawili wa kanisa, hata kabla hawajakauka, walisema likishushwa itakuwa tumewaambia watu wa Ihanda kwamba kahawa yao ni takataka, na mwakani nani atanyoosha mkono mnadani? Wote walikuwa na haki, hilo ndilo lililoniumiza. Bila bati hatuna wachangiaji, na mashua isiyo na wachangiaji inaozea kwenye matope. Yenye bati inaua. Na kesho yake asubuhi Sista Tumaini alitakiwa kupeleka chanjo na kumchukua mama mmoja kijiji cha pili aliyekuwa karibu kujifungua, mtoto amekaa vibaya tumboni, na barabara imekatika.

Mtu pekee ambaye Ihanda wangemsikiliza alikuwa Mzee Mwashiuya. Naye alikaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, uso ameelekeza milimani. Ezekia hakuwapo. Sikuwa na mtu wa kumwambia "mwambie baba." Jioni ile nilitembea ufukweni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nikawa nimechimba njia. Nilitamani kumpigia magoti nimwombe, na miguu haikutaka kwenda upande aliokuwa.

Kulipopambazuka nilichukua spana. Sikumwomba ruhusa mtu. Nilijua naweza kufukuzwa kazi, na najua nyumbani kwa mume wangu ningeitwaje baada ya hapo. Nikapanda Usichoke, nikaanza na bolti ya kwanza. Fundi alikuwa ameiweka kichwa juu ndani ya ukingo, nati chini kwa nje. Nikazungusha. Bolti ikazunguka, nati nayo ikazunguka nayo. Ni kazi ya watu wawili, mmoja juu mmoja chini, na Simbeye alikuwa amekwenda kijijini kuazima kamba. Nikazungusha tena kwa hasira, nikachubuka vidole, machozi yakanitoka. Hakuna kilichofunguka.

Halafu bolti ikagoma. Kitu kilikuwa kimeishika nati kwa chini. Nikachungulia nje ya ukingo, na Mzee Mwashiuya alikuwa amesimama majini mpaka magotini, suruali haijakunjwa, ameibana nati kwa koleo. Uso wake ulikuwa mbele ya uso wangu, karibu hivi. Sikuwahi kujua kwamba macho yake na ya Ezekia ni yale yale.

"Zungusha, mama," akaniambia. "Nimeshika."

 Nikazungusha. Nati ya kwanza ikadondoka majini, tukahamia ya pili, mimi juu yeye chini, tunatazamana kila bolti kwa sababu haiwezekani kuifungua vinginevyo. Bati tulizishusha moja moja, kila mtu upande wake. Wazee wawili walipoamka na kuja mbio, alitumia sauti ya mnadani. Aliwaambia paa alilinadi yeye na analishusha yeye, na mtu wa Ihanda mwenye swali asimtafute mkamwana wake, amtafute yeye. Zile bati baadaye ziliezeka kibanda cha akina mama wanaosubiri mashua pale ufukweni, na mpaka leo hazivuji.

Sista akaondoka asubuhi ile na chanjo zake, tanga bovu na kamba ya kuazima. Upepo ulirudi mchana. Simbeye akashusha tanga, mashua ikasimama, wakasubiri, wakaendelea. Jioni wakamleta yule mama, gari likampeleka hospitali, akajifungua salama mtoto wa kike.

Baba mkwe hakunisemesha tena. Kule nyumbani tulirudia mambo yetu, nikimwona nachepuka, akiniona anageuka, na hakuna aliyeligusa neno lile. Mavuno yaliyofuata Ezekia alirudi Chitete kutoka Ihanda na fungu lililofungwa kwenye kitambaa. Nikamuuliza safari hii wanataka tununue nini. Akasema ameuliza hivyo hivyo, na baba akamjibu mbele ya kanisa zima: "Mwambie mkeo anunue anachojua yeye."

Nilikwenda jikoni nikalia kwa sauti, mpaka Ezekia akaja kuuliza nani amefariki. Kesho yake nilipanda gari la kwanza la Tunduma, nikanunua kamba.